Neno Ndani ya Kipande cha Nane

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na paa la maabara liling'aa kama limepakwa mafuta. Dokta alipanda zile ngazi za chuma mbilimbili, simu mkononi, daftari kwapani, moyo umeshatangulia juu unamsubiri. Leo ilikuwa siku ya arobaini. Vipande vyake kumi na viwili vilikuwa vimelala kwenye fremu ya mbao vikitazama jua, na kama vyote vimeamka salama, basi miaka mitatu ya maisha yake haikwenda bure.

Udaktari wenyewe alikuwa hajaupata. Jina walimpa majirani siku walipoona picha yake amevaa koti jeupe, likamganda. Sasa hata mama yake akimkasirikia anamwita Dokta.

Kila kipande kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kioo chini, kioo juu, na katikati utando wa perovskaiti, mwembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Hiyo perovskaiti ndiyo iliyomtia wazimu. Paneli za jua walizozoea watu zinaanzia kwenye mchanga unaoyeyushwa kwa moto mkali, matanuri, viwanda, mambo mazito. Yeye anachanganya chumvi zake kwenye kichupa, anadondosha tone moja juu ya kioo, kioo kinazunguka kama pia, halafu anakilaza juu ya bamba lenye moto wa maji ya chai. Na hapo ndipo penye raha yenyewe. Utando unaanza njano. Unatulia. Kisha weusi unaingia kutoka pembeni, polepole, kama mtu anayezidiwa na usingizi mtamu, mpaka kipande kizima kinakuwa cheusi kama mboni ya jicho. Weusi huo ndio unaokula jua na kutoa umeme. Dokta alishauona mara zisizo na idadi, na bado kila ukija anasahau alikuwa anawaza nini.

Adui yake mmoja tu, maji. Wala si ya kumwagika. Unyevu wa hewani ukipenya kidogo, weusi unarudi kuwa njano, na kipande kimekufa.

"Kwa hiyo kazi yenu yote hii," Milimita aliwahi kumwambia, "ni kukibembeleza kibaki cheusi."

"Ndiyo hivyo. Kubaki. Dunia nzima inatafuta hilo tu."

Milimita alikuwa fundi vioo mwenye duka mtaa wa nyuma. Mwaka jana aliitwa kuja kubadilisha dirisha la maabara lililopasuka, akamkuta Dokta ametoa ulimi pembeni anajaribu kukata kioo mwenyewe, na sakafu imejaa vigae vya kioo. Alisimama, akatazama, akasema taratibu, "Dada, hicho kioo kimekukosea nini?" Alipoambiwa vinatakiwa vipande vya sentimita tano, akauliza, "Tano na milimita ngapi?" Jina likapatikana hapohapo. Tangu siku hiyo ndiye aliyemkatia vioo vyote, akamtengenezea na vifuniko, vile vioo vya juu vinavyobandikwa kwa gundi, na kila wiki alikuwa na sababu ya kupita.

Mapenzi yao, kama yalikuwa mapenzi, yaliishi kwenye kabati la glavu. Hilo ni sanduku kubwa la kioo lenye hewa kavu ndani, na mtu anafanya kazi kwa kuingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshonewa ukutani mwake. Dokta anakaa upande huu, mikono ndani. Milimita anasimama upande wa pili akisubiri kupitisha vifuniko. Katikati yao vioo viwili na mwanga mweupe. Wanatazamana, na kwa kuwa kazi iko pale katikati, kila mmoja anajifanya anatazama kazi. Miezi kumi na moja hivyo. Macho yanasema, midomo inaongea habari za gundi.

Halafu ikaja barua. Maabara kubwa, ng'ambo kabisa, walikuwa wamesoma taarifa zake. Wanamtaka yeye na vipande vyake kumi na viwili, miaka miwili, mradi vimalize siku arobaini juani. Jibu walitaka kwa simu, leo, saa sita mchana.

Mama yake aliposikia alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. Mama alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mkali, na habari za fundi vioo alishazinusa zamani. "Nimekusomesha mpaka macho yamevaa miwani," alikuwa akisema, "uje uishie kufuta madirisha ya watu? Nenda huko, upepo ukupige, akili ikurudie."

Na Milimita je? Milimita alisema, "Hongera sana, Dokta," akainama, akaanza kupima kioo ambacho alikuwa ameshakipima. Basi. Wiki saba Dokta alisubiri aseme jingine lolote. Hakusema.

Dokta akafika kwenye fremu. Matone ya mvua yalikuwa bado yamekaa juu ya vioo kama shanga. Akaanza kufuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Namba moja, cheusi. Mbili, cheusi. Tano, cheusi tii, kizuri, alitamani kukibusu. Sita. Saba.

Nane ilikuwa njano.

Mkono wa simu uliitangulia akili. Alipiga picha kwanza, mazoea ya kazi. Nane ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Aliinama karibu. Njano haikuwa imeenea kama inavyoenea siku zote, kutoka pembeni kwenda katikati. Ilikuwa imekaa katikati tu, mistari mistari, imepinda, imenyooka, imekatizana, kama mtu amepitisha kiini cha yai kwenye giza. Akakitoa kwenye fremu. Akakigeuza, maana kiliwekwa kichwa chini.

BAKI.

Herufi nne. Na ile K ina mguu mrefu uliojinyoosha pembeni kama mguu wa mtu aliyejilaza kochini. Dokta aliijua K hiyo. Ilikuwa kwenye kila boksi lililowahi kutoka dukani kwa Milimita: KIOO, SHIKA TARATIBU.

Alifuta haraka vinne vilivyobaki, vyeusi vyote, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mawingu yalikuwa yanafunguka, na jua la baada ya mvua, lile laini lisiloumiza macho, likamshukia magotini, mkononi, kwenye kipande. Neno likawaka. Ndani yake vitu viwili vilipanda kwa pamoja. Kimoja hasira. Cha pili aliona hata aibu kukipa jina, maana kilikuwa kitamu, na mtu aliyepoteza kipande cha nane hapaswi kuona utamu wowote.

"Hodi huko juu," sauti ilitokea ngazini. Kwanza likatokea boksi la mbao, kisha mikono iliyolibeba, kisha Milimita mwenyewe, shati jeupe, nywele zina tone moja la mvua. "Dokta, nimelimaliza. Vyumba kumi na viwili, kila chumba na sponji yake. Hata ndege ikianguka, nyie wengine sijui, lakini vipande vitashuka vinatembea."

"Vyumba kumi na kimoja vitatosha, Fundi."

Milimita alisimama. Dokta humwita Milimita. Akimwita Fundi, kuna jambo.

"Nani kafa?"

"Nane. Njoo umsome marehemu."

Aliweka boksi chini, akasogea. Dokta alimnyooshea kipande bila kukiachia, vidole vyao vikawa kwenye kioo kimoja. Akaona rangi ikimtoka usoni mwanaume mzima.

"Naona," alisema Milimita.

"Sijakwambia uone. Nimekwambia usome. Nimemlea miaka mitatu huyu, nina haki ya kusomewa."

"Baki." Neno lilimtoka dogo, kama limekanyagwa.

"Uliandika lini?"

"Siku ya vifuniko. Vilitoka kwenye oveni, vimekauka vizuri, nikawa navikagua kabla ya kukupitishia. Ulikuwa kabatini, umeingiza mikono, unajiimbia. Nikashika cha nane, nikakiinua kwenye mwanga. Nikakipulizia."

"Ukafanya nini?"

"Nilipuliza. Haa, hivi." Akapuliza hewani, mwenyewe akasikia ilivyo upuuzi. "Mazoea, Dokta. Mzee ndivyo alivyonifundisha kazi. Kwake kioo hakijawa safi mpaka kipuliziwe pumzi kifutwe. Alikuwa anapuliza mpaka sahani. Anapuliza mpaka miwani ya wageni."

"Kifuniko kimetoka kukauka saa nzima kwenye oveni, wewe unakirudishia unyevu wa kifuani kwako."

"Vingine kumi na kimoja sikuvipulizia. Nilijizuia. Cha nane... ulicheka kitu peke yako humo kabatini, nikajisahau. Mvuke ukatanda kwenye kioo, na kidole, sijui, kidole kikaandika."

"Kidole chenyewe. Hukukituma."

"Nikafuta palepale. Mara tatu. Nikakiangalia tena kwenye mwanga, hakuna kitu, kisafi kuliko vyote."

"Jicho lako halioni jasho la kidole, Fundi. Perovskaiti inaliona. Siku zote hizi ilikuwa inalinusa humo ndani." Akakiinua kipande mbele ya macho ya Milimita. "Miezi kumi na moja. Unaongea na mimi habari za gundi. Gundi hii inakauka haraka, gundi ile inanuka. Siku unayopata la kusema unakwenda kuliambia kifuniko."

"Kifuniko hakina mama anayenitazama kama doa."

Dokta alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kilimponyoka puani, na machozi yakatumia nafasi hiyohiyo kutoka. Milimita alitoa kitambaa chake cha kufutia vioo, akakitazama, akaona kina vumbi, akakirudisha mfukoni. Akabaki amesimama mbele yake mikono mitupu. Na Dokta, katikati ya msiba wake, akagundua kwamba hajawahi kumtazama mtu huyu bila kioo katikati. Macho yake yalikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, yana vidoa vidogo karibu na mboni, na yalikuwa yanamtazama yeye tu, hayana pa kujifichia.

"Kumbe ni hivi," alisema kimoyomoyo, ila mdomo nao ulisikika.

"Hivi vipi?"

Viatu vilikuwa vinapanda ngazi za chuma kwa kasi, kang'a kang'a kang'a, kama mtu anayekimbizwa.

"Dokta." Mama alitokeza kichwa, kisha mkoba, kisha mwili mzima. "Saa tano na nusu, watu wanakutafuta chini, Profesa anazunguka na fomu kama kuku aliyepoteza..." Akamwona Milimita. Akanyamaza kwa heshima ya dharau.

"Shikamoo, Mama," alisema Milimita.

"Marahaba. Kumbe na vioo vimepanda juu leo."

"Nimeleta boksi la safari, Mama."

"Vizuri. Limeshafika." Akamgeukia binti yake, akaona macho mekundu. "Nini? Nini kimetokea, mwanangu?"

Simu ilikuwa juu ya ndoo, pale Dokta alipoiacha alipoinuka, na picha bado iko wazi. Mama aliichukua. Akaisogeza mbali na macho, akaigeuza juu chini, kama wanavyofanya watu wa rika lake na picha yoyote. Midomo yake ilisoma bila sauti.

"Nani kaandika hili?"

Dokta alifungua mdomo kusema chochote kile, hata uongo. Milimita akawahi.

"Mimi, Mama."

Dokta alisubiri radi. Alizijua radi za mama yake. Miezi minne sasa alikuwa anazisikia: fundi madirisha, mtu wa vumbi, ataning'iniza wapi vyeti vyako, dukani? Lakini Mama hakupandisha sauti. Alikaa pale juu ya ndoo, mkoba mapajani, simu mkononi, akawa anaitazama ile picha kwa muda mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.

"Mnadhani nilimkataa huyu kijana kwa sababu ya vioo vyake," alisema.

Akaigonga simu kwa kidole.

"Niliogopa neno hili. Niliambiwa mimi, nikiwa na umri wako. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea ualimu wa juu, mbali, miaka mitatu. Sanduku limefungwa liko mlangoni. Baba yako akaja, akasimama hapo mlangoni. Hakulia, hakupiga magoti. Akasema neno moja, ndilo hili. Nikalifungua sanduku, nikatoa nguo moja moja, nikazirudisha kabatini."

"Mama, hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilimpenda baba yako mpaka anaingia kaburini. Sijajuta. Nikisema najuta nitakuwa mwongo." Alifungua mkoba, akaufunga, hakutoa kitu. "Ila kuna siku nimekaa nachambua mboga, mikono inafanya kazi, nashtuka nawaza lile sanduku lingefika wapi. Basi. Hicho tu. Miaka thelathini na minne nawaza sanduku." Akainua uso kumtazama Milimita, na macho yake hayakuwa na dharau tena, yalikuwa na kitu kigumu zaidi. "Kwa hiyo wewe niambie, kijana. Mbele yake. Ulikuwa unamwambia nani?"

Jua lilikuwa limeshika paa lote sasa, na mvuke mwembamba unapanda kutoka kwenye saruji yenye maji, kiasi kwamba walionekana kama watu wanaoelea. Milimita alimtazama Mama usoni.

"Yeye. Sitakisingizia kioo, Mama. Nilikuwa namwambia yeye."

"Haya."

"Lakini nililifuta." Alisema polepole, anachagua kila neno kama anachagua pa kukata. "Lingekuwa neno la kumpa, ningempa. Nimeonana naye kila wiki, mdomo ninao. Lilinitoka, nikaliona limekaa pale, nikaona la ubinafsi, nikalifuta. Sikujua kama halifutiki. Nikarudi dukani nikaanza boksi."

"Umelitengeneza siku ngapi hilo boksi?"

"Arobaini na moja."

"Siku arobaini na moja unatengeneza kitu cha kumsafirisha mtu unayetaka abaki."

"Ndiyo, Mama."

Mama aliinuka akaliendea. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye kingo za vyumba, kimoja baada ya kingine, kama zamani alivyopitisha kidole kwenye madaftari ya wanafunzi akitafuta makosa. Akalifunga. Kifuniko kilikaa bila sauti yoyote. Akalifungua tena, akalifunga tena. Dokta alimfahamu mama yake: ametafuta kosa akalikosa, na inamuuma.

"Na wewe unataka nini?" Mama aliuliza bila kugeuka. "Nimeongea mimi, kaongea yeye. Wewe umesimama tu na kipande mkononi kama mtu aliyeokota."

Dokta alifumba macho. Aliona lile kabati, mwanga mweupe, mikono yake ndani ya glavu. Aliona utando wa njano unavyotulia kwenye bamba la moto kabla haujageuka, ile nukta moja ambayo hujui kama utakuwa mweusi au utakataa.

"Nataka kwenda," alisema. "Nataka hivi vitu viishi miaka, sio siku. Na..." Akafumbua macho, akamtazama Milimita, hakukwepa. "Na nataka niwe na mtu wa kumrudia. Vyote viwili. Sichagui."

Milimita aliweka mkono juu ya fremu kujishikilia.

Profesa, mkuu wa maabara, alitokea hapo, anahema, mwanamke mfupi mnene mwenye kalamu tatu kwenye nywele na ya nne mkononi akitafuta ya tano. "Mko huku wote? Mmefanya kikao paani bila mwenyekiti? Dokta, watapiga simu sasa hivi. Nipe namba zako, nijaze."

"Kumi na kimoja vyeusi, Prof. Nane imekufa."

Profesa alichukua kipande, akakiangalia sekunde tatu. "Gundi imeachia?"

"Gundi iko salama."

"Basi nijaze nini kwenye sababu? Nikiandika haijulikani, watasema kosa ni la mchanganyiko wako, watakurudisha mwanzo mwaka mzima. Unalijua hilo."

Dokta alilijua. Alijua pia sheria ya Profesa iliyobandikwa mlangoni: mwenye kukiuka hatua moja ya kazi haingii tena maabara. Ukiandika haijulikani, Milimita anapona na jina lake linapona. Ukiandika kweli, imekwisha, hata akirudi hatamkuta upande wa pili wa kabati.

"Andika fundi alipulizia kifuniko, Profesa," alisema Milimita. "Kwa mdomo. Akagusa na kidole."

"Alipuliza?" Profesa alimgeukia kama ameambiwa mtu alipika kwa sabuni. "Wewe, wa milimita, ulipuliza? Unajua kwamba meza yangu huisogelei tena?"

"Najua."

"Nipe fomu, Prof," alisema Dokta. "Kipande changu, naandika mwenyewe."

Akaandika akiwa ameegemeza karatasi kwenye boksi. *Sababu: pumzi na kidole cha fundi vioo, kabla ya kufungwa.* Profesa alisoma juu ya bega lake, akakubali kwa kichwa, kisha akakirudia kipande, akakisogeza puani.

"Lakini hii alama ina umbo. Wataona kwenye picha, watauliza. Ni maandishi haya?"

Mama alikuwa anasoma kwa makini sana mkanda wa mkoba wake.

"Ni neno, Prof. Lilifutwa."

"Lingefutwa lisingeonekana."

"Lilifutwa," alisema Dokta. "Limebaki tu."

Profesa alimtazama yeye, akamtazama fundi, akamtazama Mama, na uso wake ukafunguka kidogo kidogo. Alifungua mdomo kusema, na simu ikaita.

Dokta aliipokea kwa mikono miwili. Alisogea mpaka ukingo wa paa. Waliobaki nyuma walimsikia akisalimia, akisikiliza, akisema ndiyo, kumi na kimoja, ndiyo, sababu inajulikana, nitawaeleza yote. Halafu akasema, kwa sauti iliyo wazi kama anawaambia na wa hapa, "Nakuja. Miaka miwili. Baada ya hapo narudi nyumbani, hilo mliandike kabisa kwenye mkataba."

Alipogeuka, Mama alikuwa ameshashika mkono wa Profesa. "Nisindikize chini, Profesa. Hizi ngazi zinateleza."

"Mwalimu, umezipanda sasa hivi mbio kama msichana."

"Nilipanda na hasira. Hasira imeisha, sasa nimebaki na magoti." Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akasimama. "Kijana."

"Naam, Mama."

"Dirisha langu la jikoni halifungi vizuri. Jumapili, saa kumi. Usije peke yako. Uje na mtu mzima wa kwenu, tulizungumze hilo dirisha."

"Nitakuja nilitengeneze mwenyewe, Mama, halihitaji hata..."

"Mtu mzima wa kwenu, nimesema." Na kichwa chake kikazama.

Wakabaki wawili, na vipande kumi na kimoja vyeusi vinakunywa jua kimyakimya. Ngazini viatu vilikuwa vinashuka. Kang'. Kimya kirefu. Kang'. Mtu angeweza kunywa chai kati ya hatua na hatua.

Milimita alikuwa amekunja uso, anahesabu kichwani. "Mtu mzima wa nini? Dirisha la jikoni mtu mmoja anatosha. Au ni fremu imeoza? Kioo chake kina upana gani, unakumbuka?"

"Milimita."

"Nauliza nije na vifaa gani."

"Milimita, dirisha letu la jikoni halina ubovu wowote."

Alimtazama. Dokta alimwacha amtazame, hakumsaidia hata kidogo, akawa anaona maana inavyoingia kutoka pembeni ya uso wake, polepole, kuelekea katikati. Kisha yule mtu mzima, aliyepima kila kitu maishani mwake, akatafuta ndoo kwa mkono bila kuiangalia, akakaa.

Chini, viatu vilikuwa vimesimama kabisa.